Mkono ni wa Nani? Hatia ya Damu katika Tamthilia za Wagiriki wa Kale

Katika karne ya tano kabla ya Kristo (K.K.), kwenye mashindano ya michezo, mtu mmoja alirusha mkuki kama warushavyo wanamichezo hadi hivi leo. Mkuki ule, pasipo kukusudiwa, ukampata mtu aitwaye Epitimus, mwenyeji wa Pharsalus, naye akafa. Mwandishi Plutarch, aliyeishi zaidi ya miaka 500 baada ya hapo, anasimulia kwamba Pericles, kiongozi mashuhuri wa mji wa Athens, alikaa kutwa nzima na mwanafalsafa Protagoras wakijadiliana jambo moja tu: mwenye kosa la kifo kile ni nani? Je, ni mkuki wenyewe, ni yule aliyeurusha, au ni wale waliosimamia michezo? Xanthippus, mwana wa Pericles, aliitangaza habari hiyo mjini ili watu wamcheke baba yake.

Ndugu msomaji, usifanye haraka kucheka pamoja na kijana yule. Swali walilolijadili wazee wale wawili ndilo lililowakalisha maelfu ya raia wa Athens kwenye mteremko wa kilima, mwaka baada ya mwaka, wakitazama tamthilia za damu na majuto. Tena swali hilo si geni kwetu. Katika lugha yetu tunao usemi unaofahamika kila mtaa: “Shetani alinipitia.” Huusema mume aliyeinua mkono akampiga mkewe, huusema mtunza hazina aliyekula fedha za chama, na mara nyingine huusemwa kizimbani, na mtu ambaye mikono yake imemwaga damu ya mwenzake. Je, usemi huo unamwondolea mtu mzigo wake? Kama haumwondolei wote, unampunguzia kiasi gani? Na kama hakujua alitendalo, je, bado tendo ni lake?

Wagiriki wa kale walikuwa na majibu yanayostahili kufikiriwa hata leo.

MJI ULIOPIMA DAMU

Kwanza yafaa tuelewe watazamaji wale walikuwa watu wa namna gani. Tanzia, yaani tamthilia za huzuni, zilionyeshwa wakati wa sikukuu ya mungu Dionysus, majira ya baridi yalipokuwa yakiisha. Hazikuwa burudani ya matajiri wachache. Ilikuwa ni shughuli ya mji mzima, na wale walioimba na kucheza katika kundi la waimbaji walikuwa raia wa kawaida. Raia hao hao ndio walioketi kwa mamia katika mahakama za mji wao kuamua kesi za wenzao. Kwa hiyo mtunzi alipowauliza, “Huyu ana hatia au hana?”, alikuwa akiwauliza watu waliozoea kupiga kura juu ya swali la namna hiyo.

Sheria ya mauaji ya Athens ilikuwa ya zamani sana. Kwa mapokeo yao, ilitungwa na Draco karibu mwaka 621 K.K. Mwaka 409 K.K. mji uliagiza ichongwe upya juu ya jiwe, na kipande cha jiwe hilo kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Athens. Sheria hiyo ilitenganisha aliyeua kwa kukusudia na aliyeua bila kukusudia. Huyu wa pili alikwenda uhamishoni, naye aliweza kurudi iwapo ndugu wa marehemu, yaani baba, kaka na watoto wa kiume, wangekubali wote kumsamehe. Mmoja akikataa, basi msamaha hakuna.

Si hivyo tu. Mauaji yalikuwa na mahakama zake mbalimbali. Baraza la Areopago lilisikiliza mauaji ya kukusudia. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka jina hilo, kwa kuwa ndipo alipopelekwa Mtume Paulo kueleza mafundisho yake. Mahali paitwapo Palladion palisikilizwa kesi za walioua bila kukusudia. Na penye hekalu la Delphinion walisikilizwa wale waliokiri kuua lakini wakadai kwamba sheria iliwaruhusu. Palikuwapo hata mahakama ya kuhukumu mnyama au kitu, kama vile jiwe au gogo lililomwangukia mtu likamuua. Kitu hicho kilitupwa nje ya mipaka ya nchi. Hivyo Pericles hakuwa akipoteza siku yake bure alipouliza juu ya hatia ya mkuki.

Kwa nini kuhangaika na jiwe? Kwa sababu Wagiriki waliamini kwamba damu iliyomwagwa huacha unajisi, na kwamba unajisi huo huambukiza. Kesi za mauaji zilisikilizwa mahali pa wazi, chini ya anga, ili waamuzi na mshitaki wasikae chini ya paa moja na mwuaji. Zingatia basi, ndugu msomaji, kwamba hapa pana mambo mawili. Upo unajisi, ambao humshika kila aliyetenda, ajue asijue. Na ipo hatia, ambayo hutegemea nia. Tanzia za Wagiriki zinaishi katika nafasi iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

NYUMBA AMBAYO KILA MTU ALIKUWA NA SABABU

Mwaka 458 K.K., mtunzi Aeschylus alionyesha tamthilia tatu zinazofuatana, ambazo kwa pamoja huitwa Oresteia, akapata tuzo ya kwanza. Zinasimulia habari za ukoo wa mfalme Agamemnon wa Argos, ukoo ambao hakuna aliyeua humo bila kuwa na sababu.

Agamemnon alikuwa akiongoza majeshi kwenda kupigana vita ya Troy. Upepo ukayazuia majahazi bandarini Aulis. Kuhani akasema kwamba mungu wa kike Artemis anataka mfalme amtoe binti yake, Iphigenia, awe kafara. Mfalme alilia, akapiga ardhi kwa fimbo yake, lakini akamtoa. Wazee wa mji wanapolikumbuka jambo hilo wanatumia mfano wa nira ya ng’ombe: nira ya shida ilikuwapo, ni kweli, lakini wanasema kwamba ni yeye Agamemnon aliyeivaa shingoni mwake. Katika mfano huo mdogo umo moyo wa jambo lote. Mtu aweza kusukumwa ukutani na mambo mazito. Hata hivyo hufika wakati ambapo yeye mwenyewe huitikia.

Miaka 10 ilipita. Mfalme akarudi mshindi. Mkewe, Clytemnestra, alimpokea kwa maneno matamu, akamtandikia vitambaa vya zambarau akanyage hadi mlangoni. Alipokuwa akioga, akamfunika kwa vazi pana kama wavu wa wavuvi, akamuua. Akamuua pia Cassandra, mateka aliyeletwa kutoka Troy. Kisha akatoka nje, akasimama mbele ya wazee wa Argos karibu na maiti, wala hakuficha lolote. Alisema kwamba ni yeye aliyefanya, tena alijivunia.

Wazee walipomtishia kumfukuza nchini, Clytemnestra aliwarudishia swali zito: mbona hamkumfukuza huyu alipomchinja mwanangu mwenyewe kama mwana-kondoo? Hawakuwa na jibu. Na sisi wasomaji hatuna budi kukiri kwamba mama huyo alikuwa na dai la haki, na kwamba katika mji ule halikuwapo baraza la kulisikiliza. Mfalme alipoua, wazee waliinamisha vichwa. Hivyo ndivyo kisasi kinavyozaliwa: haki inapokosa mlango wa kupitia, hutafuta dirisha.

Lakini baadaye kidogo Clytemnestra anabadili kauli. Anasema wasimwite mke wa Agamemnon. Aliyeua ni pepo wa kale wa kisasi wa nyumba hii, aliyejitwalia sura yake. Kwa maneno mengine, shetani alimpitia. Na hapa ndipo Aeschylus anapowatia wazee wale jibu lililo bora kuliko yote katika tamthilia hiyo. Hawasemi kwamba pepo hayupo. Wanakubali kwamba huenda alisaidia. Ila wanamwuliza: ni nani atakayekuja kutoa ushahidi kwamba wewe huna hatia ya damu hii?

Tafakari jibu hilo, msomaji. Wazee hawakuchagua kati ya pepo na mtu. Walisema kwamba hata pepo akiwa mshiriki, mtu habanduki kwenye tendo lake. Mwenye kuchochea ana sehemu yake; lakini kuongezeka kwa washitakiwa hakumpunguzi yule wa kwanza.

“NDIYO, NILIMWUA”

Orestes, mwana wa Agamemnon na Clytemnestra, alikuwa ugenini. Akaamriwa na mungu Apollo arudi kumlipizia baba yake kisasi, na kama hakufanya hivyo atapatwa na mateso makali. Akarudi. Akamuua kwanza Aegisthus, hawara wa mama yake, aliyekuwa na kisasi chake mwenyewe dhidi ya ukoo wa Agamemnon. Halafu akamkabili mama. Mama akamwonyesha ziwa alilomnyonyesha. Orestes akasita, akamgeukia rafiki yake Pylades, akamwuliza afanye nini. Pylades, ambaye kabla ya hapo hakuwa amesema neno, akamkumbusha amri ya Apollo. Orestes akaua.

Kisha mara moja akaanza kuwaona Erinyes, roho za kike za kisasi, wakimfuata kama mbwa wanusao damu. Alikimbilia Delphi kwa Apollo, akatakaswa kwa damu ya nguruwe. Haikutosha. Alitangatanga hadi Athens, akaikumbatia sanamu ya mungu Athena.

Athena hakutaka kuamua kesi hiyo peke yake. Aliteua waamuzi kutoka miongoni mwa raia, akawaapisha, akasimamisha baraza juu ya kilima cha Areopago. Hapo Erinyes wakamwuliza mshitakiwa: ulimwua mama yako? Orestes akajibu kwamba ndiyo, alimwua, wala hakanushi. Akaeleza alivyomwua. Ndipo akamtaja Apollo, naye Apollo akaja kizimbani akakiri kwamba yeye ndiye aliyemwagiza.

Tazama tofauti kati ya mwana na mama. Wote wawili walikuwa na nguvu ya mbinguni au ya kuzimu nyuma yao. Mama alijificha nyuma ya pepo na kukataa hata kuitwa mke wa aliyekufa. Mwana alisema kwanza, “Ni mimi,” kisha ndipo akataja aliyemwagiza, na akajitia mikononi mwa watu ambao hawakuwa ndugu wa upande wowote. Udhuru uleule hubadilika sura kwa jinsi unavyotolewa: mmoja hutolewa badala ya kukiri, mwingine hutolewa baada ya kukiri.

Sitaficha kwamba utetezi wa Apollo una dosari inayochukiza. Alidai kwamba mama si mzazi hasa wa mtoto, bali ni mlezi tu wa mbegu ya baba. Akina mama wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuambiwa ubovu wa hoja hiyo, na elimu ya uzazi imeufuta zamani. Lakini hata katika tamthilia hoja hiyo haikuwashinda watu wote. Athena alikuwa ametangaza kwamba kura yake ni ya Orestes, na kwamba kura zikilingana mshitakiwa ataachiwa. Zikahesabiwa, zikalingana. Orestes aliachiwa huru, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba mji mzima umemtangaza kuwa ni mtu mwema.

Watazamaji wa 458 K.K. walilisikia jambo hilo kwa masikio ya pekee. Miaka michache tu kabla ya hapo, kiongozi Ephialtes alikuwa amelipunguzia baraza la Areopago madaraka yake ya kisiasa, likabaki hasa na kesi za mauaji. Na muda si mrefu baadaye Ephialtes mwenyewe akauawa. Mji ulikuwa ukinuka hofu ya wenyewe kwa wenyewe. Aeschylus aliwaonyesha kwamba mlolongo wa kisasi haukatwi na muuaji wa mwisho, hata akiwa na sababu nzuri kuliko wote waliomtangulia. Hukatwa na baraza. Na wale Erinyes hawakufukuzwa, bali Athena aliwabembeleza hadi wakakubali kukaa chini ya kilima na kuheshimiwa, kwa kuwa mji usioogopa kitu hauwezi kutii sheria.

ASIYEJUA

Sasa tuje kwa mtu aliyeua bila kujua amemwua nani. Habari za Oedipus zilitungiwa tamthilia na Sophocles, na wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuzisoma katika tafsiri ya Samuel S. Mushi, Mfalme Edipode, iliyochapwa mwaka 1971. Oedipus aliambiwa na wenye kutabiri kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Akaikimbia Korintho, akidhani kwamba waliomlea huko ndio wazazi wake. Penye njia panda akagombana na mzee mmoja aliyekuwa katika gari la farasi. Mzee akampiga, naye Oedipus akamwua pamoja na watu wake. Mzee huyo alikuwa baba yake mzazi, Laius.

Miaka mingi baadaye, Oedipus akiwa mfalme wa Thebes, tauni ikauvamia mji kwa sababu ya damu ya Laius. Mfalme akamlaani mwuaji hadharani, akaapa kumtafuta. Angeweza kuacha uchunguzi njiani; mkewe Jocasta alimsihi aache. Hakuacha, hata uchunguzi ulipoanza kumgeukia yeye mwenyewe. Alipoujua ukweli alijitoboa macho. Wazee wakamwuliza ni nani aliyemsukuma kufanya hivyo. Alijibu kwamba mateso yake yaliletwa na Apollo, lakini mkono uliopiga macho ulikuwa wake mwenyewe.

Je, alikuwa na hatia? Sophocles hakuliacha swali hilo. Katika tamthilia yake ya mwisho kuhusu Oedipus, iliyoonyeshwa mwaka 401 K.K. baada ya mtunzi mwenyewe kufariki, Oedipus aliye mzee na kipofu anajitetea kwa nguvu: alishambuliwa kwanza, hakumjua aliyempiga, na mbele ya sheria yeye ni safi. Hata hivyo, mfalme Theseus wa Athens alipomtendea wema, Oedipus alitaka kumshika mkono, halafu akajizuia, akiona kwamba mtu kama yeye hastahili kuguswa. Kinywa chake kilisema, “Sina hatia,” ilhali mkono wake uliukumbuka unajisi. Dereva aliyemgonga mtoto aliyekurupuka barabarani, hata polisi wakimwona hana kosa, anaelewa hali hiyo bila kufundishwa Kigiriki.

ALIYEPAGAWA

Euripides alikwenda mbali zaidi. Katika tamthilia yake iitwayo Heracles, shujaa anarudi nyumbani akiwaokoa mkewe Megara na watoto wao watatu waliokuwa karibu kuuawa na mtawala dhalimu. Muda si muda mungu wa kike Hera, mwenye chuki naye, anamtumia Wazimu. Akiwa amerukwa na akili, akidhani anawaua watoto wa adui, Heracles anawaua watoto wake na mama yao. Anazinduka akiwa amefungwa kwenye nguzo, naye baba yake ndiye anayemweleza alichokifanya.

Ikiwa yuko mtu wa kusema kwamba shetani alimpitia, ni huyu. Lakini yeye hakuukimbilia udhuru huo. Alijifunika kichwa kwa aibu, akataka kufa. Akaja rafiki yake Theseus, akamfunua uso, akamgusa bila kuogopa unajisi, akampa mahali pa kuishi. Mwisho Heracles akaona kwamba kujiua ni kuukimbia mzigo. Akakubali kuishi. Akazitazama silaha zake, zile zile zilizowaua watoto wake, akasita, halafu akazichukua, akaondoka akimwegemea rafiki yake kama mashua inayovutwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, tukiwapanga watu hawa wanne katika mstari mmoja tunaona jambo lililo wazi. Clytemnestra alijua na akakusudia. Orestes alijua, akaamriwa. Oedipus hakujua. Heracles hakuwa na akili zake. Hatia yao haikuwa sawa, na Wagiriki hawakuichukulia kuwa sawa. Mahakama zao zenyewe zilikuwa mbalimbali kwa ajili hiyo. Mahakama zetu nazo hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Huo ni uadilifu, wala hatupaswi kuuchoka, hata pale hasira zetu zinapotaka adhabu moja kwa wote.

Lakini kwa wote wanne tendo lilimtaka mwenyewe. Udhuru unaweza kumwondolea mtu adhabu. Unaweza hata kumwondolea hatia. Hauwezi kumfanya awe mtu ambaye hakutenda. Wale watatu walioweza kuendelea kuishi na nafsi zao ni wale waliosema, kila mmoja kwa namna yake, “Mkono huu ni wangu.”

Lipo na funzo kwa sisi tuliosimama kando. Wazee wa Argos walinyamaza mfalme alipomwua binti yake, wakapaza sauti siku mama alipolipiza. Kunyamaza kwao kulikuwa na sehemu katika damu iliyofuata. Yule jirani asikiaye kilio cha kila usiku ng’ambo ya ukuta, akasema kwamba mambo ya mtu na mkewe hayamhusu, amesimama pale pale waliposimama wazee wale. Na umati unaompiga mtuhumiwa wa wizi hadi afe, kisha kila mmoja akaenda zake akisema kwamba waliompiga walikuwa wengi, umeigawa damu katika mafungu madogo ukidhani kwamba kila fungu litakuwa jepesi. Wagiriki, waliokuwa tayari kulihukumu hata gogo, wasingewaelewa watu hao.

Usemi wa shetani kupita utaendelea kusemwa, kwa maana binadamu ni dhaifu na hasira ni hasara. Atakapousema mtu wa nyumbani kwako, si lazima umkatalie kwamba shetani alipita. Mwulize tu kwa upole, kama wazee wale walivyouliza: na wewe, siku hiyo, ulikuwa wapi?